Dakika Tatu za Kunyamaza

Hotuba iliyotolewa Wete, Pemba, mbele ya vijana wanaosomea kazi za bahari

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, walimu, mama zetu, na nyinyi wanangu mlioingia darasani mwaka huu kujifunza bahari. Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya idara za mawasiliano za majeshi ya majini. Sisi tulioishi ndani ya kazi hii, kwenye meli za mizigo, tulijiita watu wa redio tu. Waliotutangulia katika manowari walikuwa watu wa bendera, halafu watu wa waya wa telegrafu, halafu watu wa simu ya upepo, yaani redio isiyo na waya. Wote ni ukoo mmoja, na sehemu ya habari zao imepita katika maji haya haya mnayoyaona mkitoka nje ya mlango.

Nianze na saa.

Katika chumba cha redio cha meli ya kwanza niliyopanda, kulikuwa na saa ya ukutani iliyopakwa rangi katika vipande vinne vyembamba. Viwili vyekundu: kutoka dakika ya 15 mpaka ya 18, na kutoka ya 45 mpaka ya 48. Viwili vya kijani: mwanzo wa saa mpaka dakika ya 3, na kutoka ya 30 mpaka ya 33. Vyekundu vilikuwa vya wanaogonga alama za Morse katika masafa ya kilohezi 500. Vya kijani vilikuwa vya wanaosema kwa mdomo katika kilohezi 2182. Mshale ukiingia kwenye rangi, unaondoa mkono kwenye mtambo. Husemi neno katika masafa hayo. Dunia nzima, kila chombo chenye redio kinanyamaza dakika tatu, kinasikiliza, asije akawapo mtu mwenye betri dhaifu na maji miguuni anayeomba msaada kwa sauti isiyoweza kushindana na kelele zetu.

Utaratibu wa kusikiliza tuliurithi kwa msiba. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912, Titanic ilipokuwa inazama, meli ya Californian ilikuwa jirani. Redio ilikuwa nayo. Mtu wa redio ilikuwa naye, lakini mmoja tu, na baada ya kazi ya siku nzima alikuwa amekwenda kulala. Mtambo wake haukuwa na ubovu wowote. Baada ya hapo mataifa yalikaa, yakaandika sheria ya zamu ya saa 24.

Miezi mitatu tangu nianze kazi, usiku mmoja katikati ya Bahari ya Hindi, radi za mbali zilikuwa zinapiga na redio inakoroma. Kichwa kiliniuma. Dakika za kijani zilipofika nikapunguza sauti, nikajiambia hazina kitu. Mkubwa wangu wa zamu akaingia. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono akairudisha sauti pale ilipokuwa, akakaa kando yangu mpaka mshale ukatoka kwenye rangi. Kisha akaniuliza: “Ungekuwa wewe ndiye uliye majini, ungetaka nani awe zamu?” Pengine hakuna aliyeita katika nusu dakika ile. Mimi nisingejua. Hilo ndilo nililobaki nalo mpaka leo.

Kwa hiyo mkisoma habari za mawasiliano ya manowari mtakuta zimeandikwa kama habari za mitambo, fulani kavumbua hiki, mwaka fulani kikafungwa kile. Someni, ni muhimu. Lakini mimi kila nikizisoma naona habari za masikio. Nani alikuwa anasikiliza, nani alilala, nani alisikia akaelewa sivyo.

Kabla ya waya, manowari zilisemezana kwa bendera mchana na kwa taa usiku. Kila bendera ilikuwa na namba yake, na namba ikitafutwa kitabuni inatoa neno. Asiyekuwa na kitabu anaona vitambaa tu vinapepea. Kitabu cha namna hiyo alichokitunga Home Popham, ofisa wa manowari za Kiingereza, ndicho Waingereza walichokitumia kwenye vita vya Trafalgar mwaka 1805. Sisi pia tulikuwa na kamusi yetu. Baba yangu alikuwa mvuvi wa usiku, na alikubaliana na wenzake kwamba karabai ikipandishwa na kushushwa mara tatu, nyavu zimeshika mwamba, njooni. Mama alijua alama hiyo. Sisi watoto tuliijua. Hakukuwa na kitabu, lakini palikuwa na mtu ufukweni anayetazama.

Mwaka 1873 Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini, na kuanzia 1874 Waingereza wakaiweka manowari kongwe, HMS London, ikae bandarini Unguja kama kituo. Kutoka hapo boti zake zilikuja kuzunguka Pemba kwa wiki nyingi, kwenye mikoko na visiwa hivi vidogo, mbali kabisa na meli mama. Fikirini kazi hiyo kwa masikio ya mtu wa mawasiliano. Ukishapita Nungwi, nahodha wa boti hana wa kumuuliza wala wa kumjibu. Anachokisoma ni bendera ya jahazi lililo mbele yake. Na bendera zilisema uongo. Jahazi lililopandisha bendera ya Ufaransa Waingereza hawakuwa na ruhusa ya kulipekua, na wafanyabiashara wa watumwa walilijua hilo vizuri. Tarehe 3 Disemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg, mkubwa wa HMS London, alilisogelea jahazi lenye bendera hiyo hapa karibu na Pemba. Ndani mlikuwa na watumwa na watu wenye silaha. Aliuawa pale pale. Kitambaa kimoja juu ya mlingoti, kimesomwa kama kilivyoandikwa.

Sasa tuje kwenye waya. Mnajua kwa nini waya wa baharini ulifika Zanzibar mwaka 1879 na si miaka kumi baadaye? Sababu yake iko mbali na karafuu. Tarehe 22 Januari mwaka huo Wazulu waliwashinda Waingereza vibaya sana kule Isandlwana. Habari ilifika London tarehe 11 Februari, siku 20 baadaye, kwa sababu kusini mwa Afrika hakukuwa na waya wa kuiunganisha na Ulaya. Dola kubwa kama ile ilikaa siku 20 bila kujua kwamba jeshi lake limevunjwa. Baada ya hapo fedha zikapatikana upesi, na kabla ya mwaka kwisha waya ulikuwa umelazwa kutoka Durban, kupita Delagoa, Maputo ya leo, na Msumbiji, ukaja Zanzibar, ukaenda Aden. Aden ilikuwa imeshaunganishwa tangu 1870. Kabla ya hapo barua ya Unguja ilisubiri meli ya posta.

Seyyid Barghash aliipa kampuni ya simu kisiwa cha Bawe, waya ukapanda hapo, na mwingine ukavuka kwenda Shangani. Jengo la simu la Shangani leo ni hoteli ya wageni. Nikipita pale husimama kidogo. Watalii wanakunywa chai mahali ambapo vijana walikaa usiku kucha wakitazama alama dhaifu za umeme zilizotoka chini ya bahari. Waya wenyewe ulikuwa shaba, ukavishwa utomvu mgumu wa mti uitwao gatapacha ili maji yasiingie, ukazungushiwa nyuzi za chuma ili miamba isiukate. Umeme uliofika mwisho wa safari ndefu namna ile ulikuwa mdogo mno. Macho yakisinzia, ujumbe umepita.

Wazee walikuwa na msemo kwamba zumari likipigwa Unguja, hucheza mpaka watu wa maziwa makuu. Tangu mwaka 1879, zumari la London likawa linasikika Unguja siku ile ile.

Na tuliliona hilo mwaka 1896. Sultani wa wakati huo, Seyyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti, na Seyyid Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila ridhaa ya Waingereza. Alikuwa na walinzi, alikuwa na mizinga, alikuwa na meli ya Glasgow iliyotia nanga mbele ya jumba. Balozi mdogo wa Uingereza, Basil Cave, alikuwa na waya. Alipeleka simu London kuuliza kama anaruhusiwa, suluhu ikishindikana, kulipiga jumba kwa mizinga ya manowari. Jibu likarudi kwamba afanye aonalo lazima, na serikali itamuunga mkono. Asubuhi ya tarehe 27 saa 3 muda aliopewa Khalid ulikwisha, dakika chache baadaye Admirali Harry Rawson akafungua mizinga, na kwa hesabu inayojulikana zaidi mambo yalikwisha ndani ya dakika 38. Watu wapatao 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa. Glasgow ikazama, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini miaka mingi, kila mtu wa mjini akiitazama.

Watu husimulia vita vile kama kichekesho cha dakika chache. Mimi huudhika. Waliokufa ni watu wetu. Na kwangu mimi vita vile vilikwisha amuliwa kabla ya mzinga wa kwanza, ndani ya chumba cha waya.

Simu ya upepo ikaja miaka michache baadaye. Henry Jackson, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alikuwa akitafuta njia ya boti zake za topido, makombora ya chini ya maji, kujitambulisha gizani kwa meli za upande wake, zisije zikapigwa na wenyewe. Yeye na Marconi walikutana mwaka 1896, na mwaka 1899 manowari zikaijaribu katika mazoezi makubwa. Kwa kuwa watu wa topido ndio waliojua umeme, simu ya upepo ikawekwa kwenye chuo chao, HMS Vernon kule Portsmouth. Watu wa bendera wakabaki kwao. Mmoja juu darajani na darubini, mwengine chini chumbani na vidude vya masikioni, na kila mmoja ana mkubwa wake. Ilichukua vita kuu nzima kuwafundisha wakubwa kwamba hawa ni watu wa kazi moja.

Na vita hiyo ilifika kwetu mapema. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu tangu itangazwe, manowari ya Astraea iliipiga Dar es Salaam, na walichokuwa wanakitafuta ni mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Si jumba la gavana, ni mnara. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa baharini, na mnara ule ndio uliokuwa mdomo wake na sikio lake.

Königsberg haikufa kwa hilo. Ilijificha katika mdomo wa Rufiji, na watazamaji wa pwani wakawa wanaipelekea habari. Hao ndio walioijulisha kwamba manowari ya Kiingereza imelala bandarini Unguja. Ilikuwa Pegasus, imezima moto wa boila zake kwa matengenezo. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg ikaingia kutoka kusini. Langoni kulikuwa na chombo cha zamu, Helmuth, kilichotekwa kwa Wajerumani wenyewe. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuonya. Onyo halikufika kwa wakati. Mizinga ya Königsberg ilikwenda mbali kuliko ya Pegasus, basi Pegasus ikapigwa imesimama. Walikufa mabaharia 38.

Wengi wao wamezikwa Chapwani, kisiwa kile kidogo mkabala na mji. Mwende mkapatazame. Mimi nilikwenda na ngalawa, kusi imetulia, nikasoma umri wao kwenye mawe. Ni umri wenu. Nilijiuliza yule aliyekuwa zamu langoni alikuwa anatazama wapi, na kama alitazama, je, alikuwa na njia ya kusema ikasikika? Maana hilo nalo mlijue, mtazamaji asiyepewa namna ya kupeleka habari yake amewekwa pale kwa desturi tu.

Mwisho wa Königsberg una funzo la upande wa pili, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndiyo hadithi niipendayo kuliko zote. Ilipogunduliwa Rufiji ilikuwa imeingia ndani sana, nyuma ya mikoko, na manowari kubwa hazifiki. Zikaletwa mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Zilikuwa zinapiga bila kuona. Basi ndege zikaruka kutoka Mafia, na ndani ya ndege mtu mmoja anatazama kila kombora linapoangukia, anagonga ujumbe kwa simu ya upepo: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Tarehe 11 Julai 1915 alikuwapo Arnold akitazama na Cull akiendesha. Ndege ikapigwa, injini ikafa. Wanashuka kuelekea mtoni, na Arnold bado anagonga, bado anasahihisha, makombora yao yanakaribia shabaha huku wao wanaanguka. Waliangukia majini wakaokolewa. Königsberg haikutoka tena Rufiji. Arnold alikuwa anasema, na kule chini kulikuwa na mtu aliyekuwa akiandika kila alama. Huyo wa pili jina lake halisimuliwi. Mimi namfikiria yeye.

Mwaka uliofuata, kwenye bahari ya kaskazini, ikatokea kinyume chake. Waingereza walikuwa na chumba cha siri London, Chumba Namba 40, kilichosikiliza simu za upepo za Wajerumani na kufumbua mafumbo yao. Watu wa chumba kile walijua jambo dogo lakini la thamani, kwamba kamanda wa Wajerumani akiwa bandarini anatumia jina la DK, na akitoka baharini jina hilo analiacha kwa kituo cha nchi kavu, yeye anachukua jingine. Tarehe 31 Mei 1916 ofisa mmoja mkubwa, Thomas Jackson, akaingia akauliza DK iko wapi. Wakamjibu Wilhelmshaven, bandari ya Wajerumani. Akatoka. Hakueleza anataka kujua nini, nao hawakuulizwa. Akapeleka habari kwa Admirali Jellicoe, mkuu wa manowari za Kiingereza baharini, kwamba kundi la Wajerumani bado liko bandarini. Saa chache baadaye Jellicoe analiona mbele ya macho yake. Usiku ule ule alipopelekewa habari ya kweli juu ya njia watakayorudia, hakuiamini. Vita hiyo ya Jutland iliua zaidi ya watu 8,500 kwa pande zote mbili.

Wale wasikilizaji walifanya kazi yao vizuri kuliko wote. Aliyekuja kuwauliza aliwadharau. Nyinyi mtakaokuwa wakubwa siku moja, mkifika mlangoni kwa mtu wa redio, semeni mnataka kujua nini na kwa nini, halafu muacheni amalize.

Vita ya pili nitaigusa tu. Aprili 1942 Wajapani waliposhambulia Colombo, wasikilizaji wa Kiingereza walihamishiwa jirani zetu Mombasa, Kilindini, ndani ya shule ya Allidina Visram. Walikuwemo wasichana wa jeshi la majini. Sauti za Wajapani zilifika pale hafifu mno kwa umbali, na bado mwaka ule ule wakafumbua fumbo la meli zao za biashara. Nawataja kwa ajili ya mabinti waliokaa safu ile ya nyuma, ambao najua wameshaambiwa kwamba chumba cha redio si mahali pao.

Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa msaada baharini ulianza kutumika kikamilifu. Satelaiti zinasikiliza, mtambo unalia wenyewe, na zamu ya Morse imekwisha. Saa zile za rangi zimebaki kwenye makumbusho. Sina huzuni na hilo, mfumo mpya umeokoa wengi. Lakini vyombo vyetu vingi vinavyovuka Mkondo wa Pemba vinategemea redio ndogo ya chaneli 16, chaneli ya dharura, ikiwa ipo, na simu ya mkononi ambayo mara nyingi katikati ya mkondo hukosa mtandao. Redio ile inakwenda kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mlingoti ukiwa mfupi husikiki mbali. Na chaneli 16 nimeikuta imejaa mazungumzo ya bei ya samaki.

Hapa Wete hakuna haja ya kuelezana usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikija Pemba. Kila mtaa una nyumba yake iliyofunga mlango siku ile. Wala Skagit, Julai ya mwaka uliofuata, karibu na Chumbe. Sikuja kumhukumu mtu. Ninachokisema ni changu mwenyewe: tangu usiku ule, nikipanda chombo nikaona redio imezimwa ili kuokoa betri, nashuka. Nimeshashuka mara mbili Mkoani, mizigo yangu mkononi, watu wananitazama.

Basi mkipewa zamu, iandikeni. Daftari moja, saa, aliyesema, alichosema. Ukipokea ujumbe, umrudishie aliyeutuma neno kwa neno kabla hujamjibu. Chaneli 16 ni ya kuitana na ya dharura, mkishaitana hamieni nyingine. Na pale mtakapofanya kazi, hata kama sheria haiwalazimishi tena, wekeni zile dakika tatu. Chukueni rangi nyekundu, pakeni saa yenu.

Sasa naona saa ya ukumbi huu inakaribia saa nne na robo. Ni dakika ya 15. Hapo kwenye meza nimeweka redio yangu, iko chaneli 16, sauti iko juu. Naomba msipige makofi. Mpaka dakika ya 18, tunyamaze, tusikilize bahari.